Karatasi ya Chefu

Kisa hiki ni cha kutungwa, lakini mtu wa Kasongo hatakishangaa. Baba mmoja alikimbia Salamabila, huko Kabambare, wakati wanajeshi na wapiganaji wa Mai-Mai Malaika walipopigana karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya. Alifika Kasongo na mke, watoto watano, sufuria mbili na godoro moja. Wakapokelewa na shemeji, kaka wa mkewe, kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba viwili.

Jimbo letu la Maniema limezoea kupokea. Wengi wanaokimbia vita huku hawaendi kambini. Wanabisha hodi kwa ndugu. Wakubwa husifu ukarimu huo mikutanoni, na si ajabu, maana hauwagharimu kitu. Anayegharamika ni shemeji. Unga wa bugali wa wiki mbili ukawa unaisha kwa siku nne, watoto wakalala wamebanana hadi chini ya meza. Hakuna aliyemfukuza mtu, ila mke wa shemeji alianza kuitikia salamu bila kuinua macho.

Baba akauza baiskeli, akaenda kwa chefu wa mtaa. Akapewa kiwanja pembeni mwa mji, kando ya kijito, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, yenye muhuri na majina ya mashahidi wawili. Chefu naye akala kuku wa huyo baba. Baba akafyatua matofali, akaezeka nyasi, akanunua mlango wa mbao.

Baada ya masika akaja mtu na wapimaji, mkononi ana cheti cha usajili cha kiwanja hicho. Chefu alipoitwa akasema, "Nilikupa udongo, baba, sikukupa hati." Siku ya kubomoa, baba mwenyewe alizing'oa bawaba ili angalau mlango upone.

Chefu alisema kweli kuhusu hati, ingawa kuku hakumrudisha. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, na ikaweka kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha usajili tu. Kuhusu ardhi za kimila, iliahidi amri ya rais ambayo miaka ikapita bila kutolewa. Ndipo machefu wakaendelea kuuza na watu wakaendelea kununua. Mwenye mali, yaani Dola, haonekani mpaka siku ya kubomoa.

Na Katiba ya 2006, ibara ya 48, inahakikisha haki ya makazi yenye heshima. Haikuandika "isipokuwa mwenye shemeji."

Wakubwa watasema hakuna fedha. Nani kawaomba maghorofa? Udongo wa matofali upo, mikono ipo. Kinachokosekana ni viwanja vilivyopimwa, vyeti visivyolipiwa kwa waliokimbia vita, na mabati. Kiwanja chenyewe Dola hainunui kwa mtu. Ni chake tangu 1973.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza baiskeli, ulizeni kwanza kwenye ofisi ya hati za ardhi kama kiwanja hicho kina mwenyewe. Kisha familia zote zilizopokelewa mtaani ziandike barua moja ya kuomba viwanja, ipelekwe kwa msimamizi wa teritwari, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, mwakani wataambiwa hawakuomba.