Je, Yafaa Kumtunza Paka Kipofu?

Mama mmoja wa upande wa Ilongero, mkoani Singida, ametuletea swali ambalo, asema, limeigawa nyumba yake. Paka wao amepofuka macho yote mawili. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti yake wa miaka 10 huchemsha maji kidogo, hutia chumvi, akamsafisha yule paka matongo. Babu wa mtoto, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba, amesema yatosha: mnyama atiwe katika gunia, apelekwe mbali porini, aachwe huko, maji hayakuchukuliwa kichwani toka kisimani ili kumwogesha paka. Mama atuuliza ni nani mwenye haki kati ya hao wawili, na kama ni kosa mbele ya Mungu kumhangaikia mnyama hivi, hali watu wenyewe wana shida.

Wapo watakaocheka kuona swali kama hili katika ukurasa huu. Na wacheke. Sisi twaliona kuwa zito, maana ndani yake limejificha swali jingine ambalo kila nyumba hulijibu siku moja, ipende isipende: kiumbe kilichotutumikia, kisha nguvu zikakiishia, chatudai nini?

Kwanza yafaa tujue paka huyu amepofukaje. Watu wa Singida husingizia upepo na vumbi, na kweli nchi yao ina upepo mwingi. Lakini vumbi peke yake si kawaida kumpofusha paka. Mara nyingi ubaya huanza angali mchanga. Kitoto cha paka hufumbua macho kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kuzaliwa. Mama yake akiwa na mafua ya paka, yale yaletwayo na virusi vya namna ya hepesi, au akiwa na bakteria waitwao klamidia, mtoto huambukizwa, na usaha hujaa nyuma ya kope ambazo hata hazijafunguka. Kope zikigandamana, usaha hukaa pale pale ukila jicho. Laiti mtu angalizilainisha kwa maji ya uvuguvugu na kuzifungua taratibu, mara nyingi jicho lingalipona. Hakuna aliyetazama, kwa kuwa nani hutazama macho ya kitoto cha paka? Basi paka kipofu wa vijijini, mara nyingi, ni paka ambaye hakutazamwa kwa siku chache tu za mwanzo wa maisha yake.

Pili, tukumbuke kazi aliyoifanya. Nyumba inayoweka uwele na mtama katika kihenge haimfugi paka kwa kumpapasa manyoya. Humfuga kwa sababu ya panya. Na panya hawali nafaka tu: ndugu zetu wa Lushoto, waliopatwa na tauni tangu mwaka 1980 na miaka mingi iliyofuata, wanajua kwa makaburi yao kile ambacho viroboto wa panya waweza kuleta nyumbani. Paka amelala miaka mingi karibu na kihenge, hakulipwa ila makombo.

Tungeweza kumjibu Mzee kwamba hata kipofu bado ana kazi. Ni kweli kwamba paka huwinda kwa masikio na masharubu, si kwa macho tu, na wapo vipofu wanaokamata panya gizani vizuri kuliko wenye macho walioshiba. Lakini hatutaki kulijenga jibu letu juu ya hoja hiyo. Tukisema atunzwe kwa kuwa bado anafaa, tumekwisha kubali kwamba siku asipofaa na atupwe. Tena kanuni hiyo, ikishaingia mlangoni, haitauliza kama aliye ndani ana miguu minne au miwili.

Yatupasa kumtendea Mzee haki. Maneno yake si ya ukatili. Amekua katika nchi ambayo mvua huja toka Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha mbingu hufungwa. Amekwisha ona miaka ambayo ng'ombe walikufa na watoto wakalala njaa. Mfugaji wa nchi kavu hujifunza mapema kuchagua nani anyweshwe kwanza. Asiyeweza kuchagua huwapoteza wote. Na Kanisa halimpingi katika hilo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2418, yasema mambo mawili pamoja, wala haifai kuchukua moja na kuliacha la pili: kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo haja hakupatani na heshima ya binadamu, na kwamba haifai vilevile kuwatumilia wanyama fedha ambazo ingepasa kwanza ziwaondolee watu taabu yao. Mzee ameshika la pili, binti ameshika la kwanza. Kila mmoja ana nusu ya ukurasa mkononi.

Ila kuhusu gunia, Mzee amekosea, nasi twasema wazi. Kumwua mnyama aliye katika maumivu yasiyo na tiba, upesi na bila kumtesa, laweza kuwa tendo la huruma. Kumfunga gunia kipofu na kumwacha porini ni jambo jingine kabisa. Huko atakufa kwa kiu, au kwa meno ya fisi, siku mbili tatu baadaye, hali sisi tumekwisha rudi nyumbani tukisema kwamba hatukumwua. Gunia halikubuniwa kwa ajili ya paka, bali kwa ajili yetu, ili tusione. Nchi yetu nayo imekataza kuwatesa wanyama na kuwatelekeza namna hiyo, kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, kitabu cha Mithali, katika sura ya 12, kilihesabu kuijali hali ya mnyama wako kuwa alama ya mtu mwadilifu. Na ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi mkoani Singida, wamefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Jirani yeyote wa Mzee, wa dini hii au ile, angemwambia kama sisi.

Sasa tuyapime maji, maana ndiyo yaliyoleta ugomvi. Macho mawili ya paka hayahitaji hata nusu kikombe. Jambo hili limekwisha pimwa kwa watu, wala si mbali na Singida. Huko Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, ambako ugonjwa wa vikope uliwapofusha watu wengi, waliofika kufundisha unawaji wa nyuso waliambiwa na wazazi kwamba maji hayatoshi. Wakakaa nao, wakapima pamoja, na wazazi wakastaajabu kuona ni nyuso ngapi za watoto zinazoweza kusafishwa kwa lita moja tu. Uchunguzi wa huko, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba vijiji vilivyopewa mafuta ya tetrasaiklini pamoja na mafundisho ya kunawa vilipungukiwa na vikope vikali kuliko vile vilivyopewa mafuta peke yake. Maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni mazoea ya kutazama uso wa mtoto na kusema: huu ni mchafu, njoo hapa.

Basi binti huyu hamwibii mtu maji. Angeweza kuiba kitu kingine, na hapo sisi tutasimama upande wa Mzee bila kusita. Katika nyumba nyingi za mikoa ya kati ipo tubu ndogo ya mafuta ya macho ya tetrasaiklini, ile ya asilimia 1, iliyotolewa zahanati kwa ajili ya mtoto. Mafuta hayo hayo humfaa na paka. Paka akiumwa, mkono huenda wenyewe kwenye tubu ile. Usiende! Dawa iliyopewa mtoto ni ya mtoto hadi mwisho wake, hata paka akilia mlangoni. Na ncha ya tubu iliyogusa jicho la mnyama isiguse tena jicho la mtu. Hapa ndipo penye kuchagua kwa kweli, wala hapana shaka nani mbele na nani nyuma. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mnyama hawezi kuwa rafiki yetu kwa urafiki ule wa mapendo tunaompenda nao jirani. Anayempa paka kilicho haki ya mtoto hajaongeza huruma duniani, ameikosesha njia.

Lakini Thomas huyo huyo aliona jambo jingine: kwamba mtu aliyezoea kuwahurumia wanyama huwa tayari zaidi kuwahurumia watu, na aliyezoea ukatili kwao huuchukua ukatili huo hata kwa jirani. Hapo ndipo tunapoona faida ya kazi ya binti yule, faida ambayo Mzee hakuihesabu.

Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umeishi Dodoma na Singida miaka mingi. Waenezao ni nzi wanaotua penye matongo, mikono, na kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto wote. Mtoto huambukizwa mara nyingi. Kope hufanya makovu kwa ndani. Miaka ikipita, kope hupinduka, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa, mpaka nuru inazimika. Anayeambukizwa ni mtoto wa miaka 3. Anayepofuka ni bibi wa miaka 50. Kati ya hao wawili, ni mara ngapi nzi walitua juu ya jicho lile hali watu wazima wameketi karibu? Si kwamba hawampendi mtoto. Jicho la mtazamaji limezoea, na kilichozoeleka hakionekani. Binti wa Ilongero hajazoea. Kila asubuhi huinama, hutazama macho mawili yasiyomtazama yeye, huona usaha uko wapi na umeongezeka au umepungua. Mtoto aliyejifunza kuona hivyo hawezi kumpita mdogo wake mwenye nzi usoni.

Na kuna bibi. Katika vijiji vingi bibi aliyepofuka huongozwa na mjukuu mwenye kushika ncha ya fimbo, na mjukuu huyo hakosi siku za kukosa shule. Tena katika mikoa iliyo jirani, hasa Shinyanga, wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na alama waliyoshutumiwa nayo ilikuwa macho mekundu: macho yaliyoumizwa na moshi wa jiko na kwa maradhi yasiyotibiwa! Jicho lililohitaji maji safi na mganga likahukumiwa kwa panga. Tusidhani kwamba hayo yako mbali na habari ya paka. Ni desturi ile ile ya kuchukia kinachotusikitisha kukitazama.

Twajua pia kosa la upande wa pili. Siku hizi katika miji mikubwa wako wenye nafasi ambao paka wao ana daktari na chakula cha dukani, hali mama yao mzazi yuko kijijini na mtoto wa jicho ambao upasuaji mmoja ungeuondoa, nao hawajauliza nauli ya hospitali ni kiasi gani. Kwao Katekisimu imeandika ile nusu ya pili. Ila wasikimbilie kumtupa paka ili kusawazisha hesabu. Wampelekee mama nauli. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Filipo Neri (1515–1595), alipohama kikao chake cha Roma na paka wake akabaki kule kwa zamani, alikuwa akiwatuma wafuasi wake kwenda kumlisha, hata wengine wakaona haya. Naye ndiye aliyewahudumia wagonjwa na mahujaji maskini wa mji ule. Hatusikii kwamba paka alimpunguzia yeyote kati yao kitu.

Basi, mama, jibu letu ni hili: paka akae, na binti aendelee, kwa masharti machache ambayo twaomba Mzee asomewe. Maji nusu lita yachemke na kupoa mpaka yawe ya uvuguvugu, yatiwe kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa sana. Yatayarishwe mapya kila siku, nayo yanayobaki yasiwekwe. Atumie pamba au kipande cha kitambaa laini, kimoja kwa kila jicho. Magamba yaliyokauka asiyabandue, ayalowanishe kwanza kwa dakika moja au mbili. Kisha afute toka pembe iliyo upande wa pua kwenda nje. Asitie maji ya majani, wala maziwa, wala dawa ya macho iliyobaki ya mtu, maana baadhi ya dawa hizo zina steroidi, nazo zaweza kulitoboa jicho lenye kidonda. Azungumze naye kabla ya kumgusa, kwani kipofu akishtuka hukwaruza. Chakula na maji ya paka yakae mahali pamoja siku zote, na usiku alale ndani.

Jicho likivimba, likitoka mbele, likitoa damu, au paka akikataa chakula na kulikuna bila kukoma, aitwe bwana mifugo. Yeye ataona kama liondolewe, au kama saa imefika ya kumpumzisha mnyama kwa njia isiyo na mateso. Akifika, aulizwe pia habari za chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka nao huhitaji.

Na huyo mdogo mtu wa nyumba hiyo, kama yupo, anawishwe uso kwanza, kwa maji yake na kitambaa chake, kabla paka hajaguswa. Kisha binti anawe mikono kwa sabuni. Vipande vya paka vichomwe motoni, visirudi kwenye kamba ya nguo.