Pindo Lililofumuka

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Masomo: Yakobo 2:1–4, Hesabu 15:37–41, Marko 2:21

 

Leo nahubiri juu ya pindo la suruali. Naona wengine mmeshaanza kutazama chini, kila mtu anajikagua miguu. Tulieni kwanza. Ujumbe huu umeanza na mimi mchungaji wenu, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Jumapili tatu zilizopita kijana mmoja alikuja ibada ya kwanza. Ni kijana wa mjengo, ametoka upande wa Mwingi, hana hata miezi miwili hapa Garissa. Alikuwa na shati safi lililopigwa pasi na longi ya jinzi. Ile longi ilikuwa ndefu kumzidi, visigino vimeikanyaga mpaka pindo limefumuka miguu yote miwili, nyuzi zinaburuta vumbi. Pale langoni askari alimkagua kama tunavyokaguliwa sote tangu Julai 2012, makanisa ya mji huu yaliposhambuliwa watu wakiwa ndani wanaabudu. Askari hakuona shida. Yeye anatafuta silaha. Akampitisha.

Sisi ndio tuliomzuia. Mhudumu wetu wa mlangoni alimwambia kwa adabu kabisa, "Ndugu yangu, nenda uvae vizuri halafu urudi." Kijana akaitikia kwa kichwa, akageuka.

Mimi niliona. Nilikuwa madhabahuni, maikrofoni mkononi, watu wanasifu. Niliona anageuka na nikaendelea kuimba. Kwa hiyo msimlaumu yule mhudumu, alifanya kile ambacho tumemfundisha wenyewe kwa miaka.

Siku ya Jumatano nikakutana naye sokoni, Suq Mugdi, amebeba misumari. Nikamsalimia, nikamuuliza mbona hakurudi. Akacheka kidogo, ile ya mtu mwenye aibu. "Pasta, nilienda nyumbani kuvaa vizuri. Nikafika, nikakumbuka sina."

Wapendwa, hilo neno lilinikaa. Nilifika nyumbani chakula hakipiti.

Soma Yakobo sura ya pili, mistari minne ya kwanza. Yakobo anaandikia kanisa, haandikii wapagani. Anaeleza watu wawili wanaoingia kwenye mkutano, mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ni maskini mwenye nguo chafu. Wa kwanza anapewa kiti. Wa pili anaambiwa asimame kule, au akae sakafuni. Yakobo anasema wanaofanya hivyo wamekuwa waamuzi wenye mawazo mabaya. Sasa angalieni. Kanisa la Yakobo angalau lilimwacha maskini akae sakafuni. Sisi tulimrudisha nyumbani.

Najua kuna wazee hapa wana neno la kuniambia. Watasema, mchungaji, vijana wa siku hizi wananunua jinzi zikiwa zimechanwa tayari, magoti nje, wanaita mtindo. Ni kweli, ziko, na wazazi mna haki ya kuongea na watoto wenu juu ya hizo. Tutazungumza siku nyingine, leo sina mzigo huo. Lakini pale mlangoni, kwa sekunde mbili, utajuaje ni nani amelipa ili ichanwe na ni nani imechanika kwa sababu anaivaa Jumatatu hadi Jumapili? Mimi sijui. Na kama sijui, afadhali nikosee kwa kumkaribisha.

Basi nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Niliichukua ile longi, baada ya kumbembeleza sana na kumpa moja yangu aazime, nikaenda nayo kwa fundi. Fundi mwenyewe ni mzee wa Kisomali, jirani yetu Mwislamu, cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa mguu. Nikamwambia, "Adeer, hii inasaidika?" Akaigeuza ndani nje, akaitazama kama daktari anavyotazama mtoto. Akasema, "Pasta, mmechelewa. Lakini inasaidika."

Akanifundisha. Jinzi inafumwa kwa nyuzi za aina mbili, za buluu zinashuka chini, nyeupe zinapita kwa upana. Ndiyo maana goti likichanika unaona nyuzi nyeupe zimelala kama ngazi. Kwenye pindo ni tofauti. Pale nyuzi nyeupe zinadondoka moja baada ya nyingine, hazina cha kuzishika, na zile za buluu zinabaki zinaning'inia kama ndevu. Kila hatua unayotembea, nyingine inatoka. Na hapa kwetu kuna vumbi, kuna changarawe, kuna miba ya mathenge, ule mti ulioletwa upande huu wa Tana miaka ya 1980 na sasa umejaa kila mahali. Uzi ukinaswa na mwiba ukavuta mguu, umejichania mwenyewe.

Kosa kubwa, alisema fundi, ni kuvuta ule uzi kwa mkono. Watu wote tunafanya hivyo. Unaona uzi unaning'inia, unavuta, unatoka na wenzake. Chukua mkasi, ukate karibu na kitambaa, uache.

Nilipokuwa nimekaa pale kwenye benchi nikakumbuka Hesabu 15. Bwana alimwambia Musa kwamba wana wa Israeli watie vishada kwenye pembe za nguo zao, na katika kila kishada uzi wa buluu, wakiutazama wakumbuke amri zake. Fikiria hilo. Mungu hakuweka ukumbusho kwenye kola. Aliuweka kwenye ncha, pale panapokaribia vumbi. Na karne nyingi baadaye yule mama aliyetokwa na damu miaka 12, Mathayo 9, hakuthubutu kumgusa Bwana begani. Alijipenyeza nyuma akagusa pindo. Yeye naye alikuwa mtu ambaye watu wa dini wangemwambia aende kwanza awe safi, halafu arudi. Bwana hakumrudisha. Aligeuka, akamwita binti.

Sisemi kwamba nyuzi za buluu za jinzi ni vishada vya Musa, msije mkasema mchungaji amefundisha hivyo. Nasema tu kwamba nimekuwa nikihubiri pindo la Yesu miaka mingi na sijawahi kuangalia pindo la mtu aliyeketi kiti cha nyuma.

Tena, jinzi yenyewe ilianza kama nguo ya mtu wa kazi ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, mji wa Reno kule Marekani, mama mmoja alimwendea fundi aitwaye Jacob Davis. Mumewe alikuwa mkata kuni na suruali zake zinachanika kila mara. Davis akachukua vile vifungo vidogo vya shaba, akavipigilia kwenye pembe za mifuko, pale pale panapochanika. Hakuwa na pesa za kutosha kusajili ubunifu wake, akamwandikia muuza vitambaa wake, Levi Strauss, na tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hati. Hiyo longi dunia nzima inavaa leo ilitokana na mke aliyehurumia nguo ya mume wake, na fundi aliyemsikiliza.

Sasa kina mama na vijana, shikeni kalamu, maana niliuliza maswali mengi kwa niaba yenu.

Ukinunua mitumba, iwe kamera au fagia, vaa kabla hujaipeleka kazini na uangalie kisigino. Kama unaikanyaga, ipunguzwe siku hiyo hiyo. Mwambie fundi alihifadhi pindo lile la asili, anaweza kukata juu yake na kulirudisha, suruali ikaonekana haijaguswa. Pindo likishaanza kufumuka, kata nyuzi, pinda kwa ndani mara mbili, shona. Kwa mkono utahitaji sindano nene na uzi mzito, ule mwembamba wa blausi hautashika. Kama kitambaa kimekwisha kabisa pembeni, fundi anapitisha kwanza mshono wa kwenda na kurudi, ule wa meno ya msumeno, ndipo anapinda. Ukiamua kuweka kiraka, kifue kwanza hicho kiraka. Hapa Marko 2:21 ni andiko na ni ushauri wa fundi kwa pamoja: kitambaa kipya ambacho hakijapata maji kitajikunja baadaye na kuvuta kile cha zamani, na pengo litakuwa baya kuliko mwanzo.

Wakati wa kufua, geuza ndani nje, maji baridi, na usisugue pindo kwa brashi ngumu. Tope likiwa limeshika, loweka. Wale wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wanajua sabuni haitoi povu, inabaki kwenye nguo, kwa hiyo suuza mara mbili. Najua maji ni ya mkokoteni na kila mtungi ni pesa. Suuza ya pili iwe kidogo, lakini iwepo. Anika kivulini. Kwa joto la Garissa hata kivulini itakauka kabla hujamaliza kupika, na jua letu linapausha rangi.

Yule mhudumu wa mlangoni tumezungumza. Alilia, nami nililia. Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa kisanduku cha mlangoni, pamoja na bahasha za sadaka, kitakuwa na mkasi, sindano mbili na uzi wa buluu na mweusi. Mtu akiingia uzi unamkwaza miguu, anaulizwa kwa sauti ya chini kama angependa kusaidiwa. Akisema hapana, anapewa kiti, na kiti hicho kiwe mbele kama mbele pana nafasi.

Kijana hajarudi ibadani bado. Nilimpelekea longi yake Alhamisi, ameipokea vizuri, akasema ataangalia kazi ikoje Jumapili. Sikumsukuma. Nikimwona langoni nitashuka madhabahuni mwenyewe, nanyi mtaniwia radhi wimbo ukikatika.

Idara ya kina mama wamekumbuka Dorkasi wa Matendo 9, ambaye wajane walimlilia huku wakionyesha nguo alizowashonea. Wamejitolea cherehani moja. Itakuwa chini ya mwarobaini nyuma ya kanisa, Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi, saa tatu hadi saa sita. Uzi unatolewa bure. Leta suruali ikiwa imefuliwa na kukauka, na kama una jirani ambaye si wa kanisa hili, mlete na yake.