Usafi wa Sauti na Uaminifu wa Mikono

Amplifaya nyingi zina swichi ambayo, ikibonyezwa, huipitisha sauti njia ya moja kwa moja, ikaviepuka vidhibiti vya sauti nene na sauti nyembamba, hata ikafika kwenye spika bila ya msikilizaji kuiongeza wala kuipunguza chochote. Na wako watu wenye mapenzi makubwa ya muziki ambao huitukuza swichi hiyo kwa itikadi kwamba haki hukaa pale tu ambapo hapana aliyetia mkono. Itikadi hiyo yastahili heshima, maana asili yake ni kuchukia uwongo. Hata hivyo, santuri yenyewe yaikanusha.

Sauti nene ikichongwa katika santuri kwa nguvu zake zote, vifereji huyumba kwa upana hata kimoja kikaingia katika mpaka wa mwenziwe. Na sauti nyembamba ikiachwa na udhaifu wake, humezwa na mchakacho wa sindano. Kwa hiyo mchongaji huipunguza ile na kuizidisha hii kwa makusudi, na saketi maalumu ndani ya amplifaya huyageuza hayo kinyume wakati wa kupiga. Kipimo ambacho chama cha watengenezaji santuri wa Marekani, RIAA, kilikiidhinisha mwaka 1954 ndicho kinachofuatwa hata leo, wala swichi ile haikiondoi. Kingeondolewa, tungesikia sauti kali isiyo na kifua. Basi sauti tunayoiita safi imekwisha badilishwa mara mbili, na usafi wake umetokana na uaminifu wa wawili hao, mchongaji na mrudishaji.

Maulamaa wa hadithi waliifahamu kanuni hii zamani. Hawakutafuta habari isiyopita vinywani mwa watu, kwani habari ya namna hiyo haipo; walitafuta isnadi, yaani mlolongo wa wasimulizi, wakamchunguza kila msimulizi, adili yake na hifadhi yake, ndipo wakahukumu.

Na kwa santuri ni vivyo hivyo. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenziwe hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Kipimo cha mwaka 1954 hakikuwapo bado, na vifereji vya santuri za siku zile ni vipana kuliko vya santuri ndefu zilizotolewa na Columbia tangu mwaka 1948. Mwenye kuipiga sahani ya Siti leo kwa sindano nyembamba, kwa mwendo usiokuwa wa mizunguko 78 kwa dakika, na kwa saketi ya siku hizi bila ya marekebisho yoyote, akajisifu kwamba hakugusa kitu, amemdhulumu marehemu. Na yule anayebadilisha sindano, akageuza vidhibiti polepole huku masikio yake yakiitafuta sauti ya mwanadamu, ndiye aliyemtendea haki. Naona hapa kutogusa kwaweza kuwa uvivu uliovaa kanzu ya ucha Mungu.

Uaminifu huo wadai elimu hata katika kuosha santuri. Santuri za zamani zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu utokao kwa wadudu wa Bara Hindi na nchi jirani, nayo huyeyuka kwa spiriti. Santuri za vinili huistahimili spiriti kidogo iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa. Tendo moja, kwa nia moja njema, huihifadhi hii na kuiangamiza ile, wala nia haitoshi kuwa udhuru.

Basi wewe uliyerithi santuri za wazee wako, zishike kwa ukingo, zisimamishe wima mbali na jua, zifute vumbi kabla ya kuzitilia sindano. Na kabla ya kuziosha, uliza kwanza zimetengenezwa kwa kitu gani.