Kipimo cha Makao ya Uzeeni

Mtu akitaka kununua shamba hutazama udongo na maji. Akitaka kununua chombo cha bahari huinama akatazama mbao za chini. Hujua analolitafuta kabla hajaondoka kwake. Walakini mtu anayekwenda kumchagulia mzazi wake makao ya uzeeni hutazama vitu vingi asijue ni kipi kati yake ndicho kipimo. Nataka kuuliza katika insha hii: makao ambamo mzee ataishi kwa kujitegemea yapimwe kwa jambo gani, na ni nani mwenye haki ya kushika mizani?

Swali hili halikunijia kutoka vitabuni. Nilipokuwa mgeni katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, kila mwisho wa juma nilikwenda kumwamkia shangazi yangu, mjane wa miaka 76, aliyepata kuwa mwalimu wa shule huko Tanga. Alikuwa akiishi na mwanawe katika mji mmoja wa Ohio. Nyumba ilikuwa na joto, chakula hakikukosekana, na binamu yangu na mkewe walikuwa watu wema kabisa. Lakini wote wawili walitoka alfajiri wakarudi usiku, na watoto walikuwa shuleni. Theluji ilipoanguka shangazi alikaa dirishani mchana kutwa akihesabu magari. Siku moja alitamka kwamba anataka kuhamia katika nyumba za wazee wanaojitegemea. Binamu yangu alishikwa na haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Mama, watu watasema nimekutupa."

"Hao watakaosema," shangazi akajibu, "yupo kati yao anayenibishia hodi saa nne ya asubuhi?"

Yafaa nieleze nyumba hizo ni za namna gani, maana sisi huku aghalabu huchanganya mambo mbalimbali katika jina moja. Marekani kuna nyumba za uuguzi, ambazo wakaaji wake ni wagonjwa au dhaifu sana, na haki zao zimewekwa katika sheria ya taifa tangu 1987. Kuna nyumba za usaidizi, ambako mzee huogeshwa au hukumbushwa dawa zake. Kisha kuna hizi za kujitegemea: mzee hupanga chumba au nyumba yake, ana jiko lake na mlango wake, na jirani zake ni wazee wenzake. Mfano wake mkubwa ni Sun City, katika jimbo la Arizona, mji ambao Del Webb aliufungua tarehe 1 Januari 1960 ukiwa na uwanja wa gofu na maduka, na watoto hawakuruhusiwa kufanya makazi humo. Sheria ya 1995 inakubali mitaa kama hiyo ikiwa angalau nyumba 80 katika kila 100 zina mkaaji mmoja mwenye miaka 55 au zaidi. Mwenye kupanga humo mbele ya sheria ni mpangaji zaidi kuliko mtu wa kutunzwa, na bima ya serikali ya matibabu ya wazee hailipi kodi yake. Basi anayedhani amenunua ulinzi wa mzazi wake na ausome mkataba mara ya pili.

Tulikwenda watu watatu kutazama nyumba ya kwanza. Binamu yangu alikuja na karatasi. Aliuliza juu ya vyuma vya kushikilia bafuni, lifti, kamba ya kengele ya dharura, umbali wa hospitali, na kodi hupandishwa mara ngapi. Hayo yote ni maswali ya haki, wala sitaki yadharauliwe. Vyuma vya bafuni vimeokoa nyonga nyingi. Msimamizi alijibu vizuri, akatuonyesha bwawa la kuogelea na sebule yenye piano. Shangazi alinyamaza muda wote. Tulipokuwa tukiagana ndipo akauliza yake, nami nikawa mkalimani. Je, nikikaanga samaki, jirani atashtaki? Mgeni akinijia usiku, alale? Chakula hiki cha mchana mnachokihesabu ndani ya kodi, nisipokila nitarudishiwa fedha? Msimamizi alijibu kwamba kukaanga hakupendezi sana kwa sababu ya ving'ora vya moshi. Mgeni ana usiku kumi na minne kwa mwaka. Fedha ya chakula hairudi. Katika gari shangazi alisema, "Nyumba nzuri. Mimi ndiye mgeni ndani yake."

Nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Mwana alipima yale ambayo nyumba ingemfanyia mama yake. Mama alipima yale ambayo nyumba ingemwachia ayafanye mwenyewe. Tofauti hiyo ndiyo naiona kuwa kiini cha jambo. Mgeni hulishwa, hulazwa mahali pema, haoshi chombo. Walakini hawezi kumkaribisha mtu, hawezi kuamua kipikwe nini, na adabu humkataza kulalamika. Siku saba za hali hiyo ni starehe. Miaka kumi ni kifungo chenye mazulia.

Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha habari za jaribio walilolifanya katika nyumba moja ya uuguzi huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo yao yako mikononi mwao, wakapewa mche wa kuchagua na kuutunza wenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mche vilevile, ila wauguzi ndio wataumwagilia. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walionekana wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Kopo la maji ni kitu kidogo mno, lakini mwenye kulishika ana jambo linalomngoja kesho.

Msomaji wa kwetu asiharakishe kujisifu kwamba sisi hatupeleki wazee wetu kokote. Nimeingia katika nyumba za Dar es Salaam na Mombasa ambamo bibi amewekwa chumba cha nyuma, anasalimiwa kwa heshima zote, na hana ufunguo wa mlango wala shilingi ya kumtuma mtoto dukani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inapotaja haki za wazee inaanza na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Matunzo ya jamaa na dola yanakuja mwisho. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumpa kila mkaaji wa miaka 70 na zaidi Sh 20,000 kwa mwezi, wako waliocheka uchache wake. Hawakufikiri kwamba fedha hiyo humrudishia bibi uwezo wa kumwambia mjukuu, "Njoo, chukua."

Linabaki jambo moja zito, nami sina jibu lake lote. Akili ya mzee huweza kupungua, na siku hiyo mizani lazima ihamie mkono mwingine. Hofu ya binamu yangu haikuwa ujinga: mama anaweza kuanguka usiku, au kuacha moto jikoni. Lakini naona watoto wengi huipokonya mizani miaka mingi kabla ya siku hiyo, kwa sababu usalama wa mzazi hutuliza nafsi zao wenyewe, na huku kutulia kwao wakakuita mapenzi. Mzee mwenye akili timamu anayechagua ngazi mbovu karibu na rafiki zake kuliko lifti katikati ya wageni amechagua hatari, kweli. Ila sijui ni kwa haki gani tumzuie, ikiwa sisi wenyewe hupanda pikipiki kila siku ili tuwahi kazini.

Shangazi alikataa nyumba ya bwawa. Alipanga katika jengo kuukuu lisilo na piano, karibu na kituo cha basi, ambako mama mmoja wa Kisomali ghorofa ya pili alikuwa akijua Kiswahili cha Mombasa. Mkataba alioutia sahihi ni wa mwaka mmoja. Alimwambia mwanawe kwamba ukiisha atapima tena, na safari hiyo ataanza na nyumba ya mwanawe.