Subira na Maumivu ya Kudumu

Hapa kwetu Magarini, tangu Mambrui hata Marafa, aumwaye mgongo mwaka baada ya mwaka huambiwa: subiri. Je, neno hilo lamtosha? Nabii Ayyub amesifiwa kwa subira katika Kurani, na hali alimlilia Mola wake kwa dhara iliyompata. Kushitaki maumivu, basi, si upungufu wa imani.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi pamoja, kwani mwili ukiugua nafsi hutaabika. Matabibu wa leo nao wasema maumivu yapitayo miezi 3 huchanganyika na hofu na kukosa usingizi. Mazungumzo na mtaalamu wa nafsi humfunza mgonjwa kuishi nayo, ingawa hayayaondoi yote. Ajabu yetu ni kwa wamchekao aendaye huko, wakimwita mwenda wazimu, na wao hawaoni haya kumpelekea mbuzi mpunga pepo.