Mtu wa Hesabu, Mtu wa Baiolojia

Mwulize kijana wa kidato cha tano anasoma nini, atakujibu kwa herufi tatu. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati. PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. Tahasusi hizi ziliwekwa ili kurahisisha upangaji wa ratiba, walimu na maabara, na kwa kazi hiyo zinafaa. Lakini muhula wa kwanza hauishi kabla herufi hazijatoka kwenye ratiba na kumwingia mtu mwenyewe. "Mimi PCB," anasema bwenini, kwa sauti ileile anayotajia ukoo wake. Akishasema hivyo, anajua nini hasa kuhusu nafsi yake?

Naamini anajua kidogo sana juu ya anachokipenda au anachokiweza, na mengi juu ya jinsi alivyochujwa. Kwa miaka mingi Hisabati ndilo somo linaloangusha watahiniwa wengi zaidi katika mtihani wa kidato cha nne. Kwa hiyo wengi wanaofika kidato cha tano hawana bado jina la kujiita. Wana jina walilokwisha kulikana. "Mimi si mtu wa hesabu." Kauli hii husemwa kwa utulivu, kana kwamba msemaji anataja urefu wake au rangi ya macho yake. Kumbe ni uamuzi. Aliyekwisha kuitamka huacha kujaribu, na kwa kuwa hajaribu hashindi, na kwa kuwa hashindi huona kwamba alisema kweli. Sijui kauli nyingine shuleni inayojitengenezea ushahidi wake kwa wepesi kiasi hicho.

Wanafunzi wa PCB hawaachani na hesabu kabisa. Wanasoma BAM, somo la nyongeza la hesabu, na wengi husema wazi kwamba hilo ni la kupita tu. Niliwahi kuwapa darasa la aina hiyo swali la urithi. Kijijini, jeni ya seli mundu ni moja katika kila jeni kumi. Katika watoto mia, wangapi tutarajie kuwa na ugonjwa, na wangapi watabeba jeni hiyo bila kuugua? Msichana mmoja wa safu ya nyuma aliandika sehemu moja ya kumi kutoka kwa mama, mara sehemu moja ya kumi kutoka kwa baba: mtoto mmoja katika mia ana ugonjwa. Kwa wabebaji akaandika sehemu moja ya kumi mara sehemu tisa za kumi, akapata 9. Kisha kalamu ikasimama. Akaitazama ile 9 kwa muda, akaikata, akaandika 18. Nilipomwuliza kwa nini, alisema jeni mbovu inaweza kutoka kwa mama na nzima kwa baba, au kinyume chake, kwa hiyo njia ni mbili. Halafu akaongeza, akiwa kama anaomba radhi, "Lakini mwalimu, mimi hesabu siziwezi. Hapa nimefikiria tu baba na mama."

Kuona kwamba njia ni mbili, kuishuku namba uliyoiandika mwenyewe, kuifuta bila kuambiwa: hiyo ndiyo hesabu, na sehemu yake ngumu zaidi. Kuzidisha kunafanywa na simu. Msichana huyo alifanya kazi ya mwanahisabati na hakuiona, kwa sababu jina alilobeba lilimkinga asiione.

Hayuko peke yake. Mwaka 1908 G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, aliletewa fumbo la aina hiyohiyo na mwanabaiolojia Reginald Punnett. Kwa nini sifa inayotawala katika urithi haienei mpaka ikaimeza ile nyingine? Hardy alijibu kwa barua fupi katika jarida la Science, na alianza kwa kusita kuingilia mambo ambayo si ya fani yake. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, ya kuzidisha na kujumlisha, ileile ya yule msichana. Mwaka huohuo daktari Mjerumani, Wilhelm Weinberg, alikuwa amefikia jibu hilo kwa njia yake. Leo kanuni hiyo inaitwa kwa majina yao wawili na haikosekani katika vitabu vya jenetiki. Hata hivyo, mwaka 1940 Hardy aliandika kitabu ambamo alijivunia kwamba hajawahi kufanya jambo lolote lenye manufaa. Alijitambua kuwa mwanahisabati halisi, na utambulisho huo ukamficha kazi ya mikono yake.

Sisemi kwamba utambulisho ni mzigo wa kutuliwa. Mtu aliyekaa na swali usiku kucha bila kulipata anahitaji kuamini kwamba mahali hapo ni pake, la sivyo atafunga daftari. Imani hiyo haijengwi na mtu peke yake, maana tunajijua pia kwa jinsi wenzetu wanavyotuita. Ninachokipinga ni mpangilio wake. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Shule zetu zimegeuza: zinakupa jina kwanza, kwa alama za mtihani mmoja, kisha zinakuruhusu kutenda yale tu yanayolingana na jina. Nilimwambia yule msichana palepale kwamba alichokifanya ni hesabu. Alicheka tu. Hakuniamini, na sidhani neno la mwalimu mmoja lingetosha kufuta miaka minne.

Kuliko Hardy, namfikiria zaidi Ronald Ross. Alikuwa daktari wa jeshi la Waingereza nchini India, na mwaka 1897 aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu; kwa kazi ya malaria akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Angeweza kutulia hapo. Lakini swali lilikuwa halijaisha: je, ili kuondoa malaria ni lazima kuua kila mbu? Hadubini haikuweza kujibu hilo, basi Ross, aliyekuwa amejifunza hisabati kwa juhudi zake mwenyewe, akaandika milinganyo. Ikamwonyesha kwamba mbu wakipunguzwa chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia wenyewe ingawa mbu wamebaki. Wengi wa wakati wake hawakumsadiki. Tangu hapo mipango ya kupambana na malaria imepita mara nyingi katika hesabu zilizochipuka kwake. Ross aliandika pia mashairi na riwaya, na sioni kama aliwahi kujiuliza yeye ni wa tahasusi gani. Alilifuata swali la malaria, nalo likampeleka maabara, kisha likampeleka kwenye aljebra.

Msichana wa PCB anayetaka kujua ni kaya ngapi kijijini kwao zinapaswa kulala ndani ya vyandarua ili hata wasio navyo wapate nafuu, anauliza swali la Ross. Atahitaji kujua mbu anaishi siku ngapi, na atahitaji kuzidisha.