Harambee Juu ya Magurudumu Mawili

Saa hizi za asubuhi Salgaa, kituo cha malori karibu na Nakuru, iko macho: malori yanawashwa, chai inamiminwa, na barabara ya kwenda Eldoret inaanza kujaa.

Mbali na hapa, huko Mlima Kenya, kwa miaka mingi waendesha baiskeli wameshiriki safari iitwayo 10to4, na fedha zinazochangwa hulisaidia shirika la Mount Kenya Trust kulinda msitu na wanyama. Hiyo ni harambee. Anayekanyaga hutoa jasho, anayemdhamini hutoa shilingi. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Nasi wa ukanda huu tuna sababu ya kutoa. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta liliwaka moto pale Sachangwan, kwenye barabara hii hii, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Ajali za barabara hii huacha wajane na mayatima ambao mahitaji yao hayaishi siku ya mazishi.

Ukipanga safari ya hisani ya baiskeli, panga na usalama: kofia ngumu, taa, koti linalong'aa, gari la kusindikiza. Msaada usizae msiba mwingine.

Leo jiulize: jasho langu litamfaa nani?